Kijana anataka bunduki ya gumegume: Mzazi, namba ya mtutu ina maana gani kwa bega lake na kwa nyumba yako?

Ujumbe wa sauti ulioingia kwenye simu ya ukurasa huu wiki tatu zilizopita ulitoka mbali: mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mama aliyeutuma aliishi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kabla familia yake haijapelekwa huko. Swali lake halikuwa la homa wala la chanjo. Mwanawe wa miaka 14 amealikwa na familia ya jirani kwenda kuwinda kulungu baada ya Krismasi, kwa bunduki za kizamani zinazoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Kijana anataka yake mwenyewe. Dukani baba ameonyeshwa namba: .36, .45, .50, .54. Mama anauliza ipi haitamuumiza mwanawe bega, na kama ni salama kuiweka ndani ya nyumba yenye mtoto mwingine wa miaka miwili.

Kuna watakaoshangaa swali hili kufika kwa mwandishi wa afya. Mimi naona limefika mahali pake. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka mashariki ya Kongo, zimepewa makazi Pennsylvania na majimbo mengine ambako uwindaji ni jambo la familia, kama sisi tulivyo na kwenda shamba likizo ya Desemba. Mtoto anaalikwa na mwenzake wa darasani, na mzazi anatakiwa kuamua jambo ambalo hakulelewa nalo.

Tena Lancaster si mji wowote tu katika habari hii. Ni katika eneo hilo, katika karne ya 18, mafundi wenye asili ya Kijerumani na Kiswisi walitengeneza bunduki ndefu ya Pennsylvania inayoigwa na mafundi hadi leo. Bunduki walizokuja na ujuzi wake kutoka Ulaya zilikuwa fupi na zenye mtutu mpana. Huku msituni risasi na baruti vilikuwa ghali na duka lilikuwa mbali, kwa hiyo mtutu ukarefushwa na tundu lake likapunguzwa. Kuchagua kipenyo kulikuwa hesabu ya nyumbani tangu wakati huo: mkulima ana risasi kiasi gani, anawinda nini, na nani anaibeba bunduki.

Pennsylvania ina msimu maalumu wa kulungu kwa bunduki za gumegume, yaani zile ambazo jiwe hupiga chuma, cheche zikaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kibakuli cha pembeni, moto ukapenya tundu dogo na kuwasha baruti iliyo ndani. Msimu huo ulianza mwaka 1974 na huangukia kipindi cha baridi, baada ya Krismasi hadi Januari. Bunduki za fataki, zilizokuja baadaye, haziruhusiwi katika msimu huo.

Baba wa familia hii, kwa maelezo ya mama, anazifahamu gobore za kijijini. Hapo pana tofauti ambayo asipoijua itampotosha dukani. Gobore nyingi zina mtutu laini ndani, na fundi huchukua bomba alilolipata; kipenyo chake ni kile bomba lilichokuja nacho. Bunduki anayoonyeshwa Lancaster ina mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, na hupiga goroli moja tu ya risasi, iliyofungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta. Mifereji hushika kitambaa, kitambaa huizungusha goroli, nayo huenda moja kwa moja. Goroli isipolingana na mtutu, kazi yote hiyo hupotea. Ndiyo maana namba ni muhimu.

Namba yenyewe

Namba hiyo ni kipenyo cha tundu la mtutu, ambacho wauzaji hukiita kaliba, kwa sehemu ya inchi. Bunduki ya .50 ina tundu la nusu inchi, karibu milimita 12.7. Goroli yake huwa ndogo kidogo, mara nyingi inchi .490, ili kitambaa kipate nafasi.

Jambo ambalo namba haimwambii mnunuzi ni jinsi uzito unavyopanda. Goroli ya bunduki ya .32 ina uzito wa takriban gramu 2.9. Ya .36 ni gramu 4.2 hivi. Ya .45 hufika gramu 8.3, ya .50 gramu 11.5, na ya .54 gramu 14.5. Angalia vizuri: kutoka .32 hadi .54 kipenyo hakijafika hata mara mbili, lakini uzito umekuwa mara tano. Ni hesabu ya duara nene ambayo watoto wa sekondari wanaijua. Mzazi anayedhani .45 na .50 ni karibu kitu kimoja anachukua goroli nzito zaidi kwa zaidi ya theluthi moja.

Uzito huo una faida yake. Goroli ya mviringo hupoteza kasi haraka hewani, na inachobaki nacho inapofika kwa mnyama ni uzito. Goroli nyepesi inayomfikia kulungu imechoka humjeruhi bila kumuua. Wazazi huzungumzia sana hatari ya bunduki kwa mtoto na husahau hili: kijana wa miaka 14 kufuata alama za damu kwenye theluji kwa saa mbili, akijua yeye ndiye aliyefanya, ni jambo atakalolala nalo usiku mwingi.

Kwa hiyo .32 na .36, ambazo zinavutia kwa kuwa nyepesi begani na hutumia baruti kidogo, tuziweke pembeni kwa familia hii. Ni bunduki nzuri za kindi, sungura na kulenga shabaha. Kwa kulungu wa msimu wa gumegume, sheria ya Pennsylvania inataka bunduki isiyopungua .44. Majimbo hayafanani: Colorado huruhusu kuanzia .40 kwa kulungu, lakini kwa elki, mnyama mkubwa zaidi, hutaka .50. Sheria hizi hufanyiwa marekebisho, hivyo kijitabu cha msimu husika kisomwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Ile .54 nayo ni ya wanyama wakubwa na mabega makubwa.

Zinabaki .45 na .50, na hapa ndipo swali la mama kuhusu bega linapopata jibu ambalo huenda hakulitarajia. Kinachosukuma bega si namba peke yake. Ni uzito wa goroli, kiasi cha baruti na uzito wa bunduki yenyewe kwa pamoja. Namba ukishanunua huwezi kuibadili, lakini baruti unaipima wewe kila mara unaposhindilia. Hii ndiyo tofauti kubwa ya bunduki hizi na za kisasa, ambazo kiwanda kimekwishaamua kila kitu.

Baruti hupimwa kwa grein, kipimo cha zamani. Grein 15 ni karibu gramu moja. Bunduki ya .50 kwa kawaida hutumia grein 60 hadi 90 kwa kulungu. Kijana anayeanza anaweza kujifunza kwa grein 50, ambazo hazijazi hata kijiko cha chai, na kijitabu cha mtengenezaji ndicho kinachotoa kikomo cha juu. Kwa kiasi hicho, .50 yenye uzito wa kawaida husukuma bega polepole, kama mtu anayekusogeza kwenye foleni. Ukiweka grein 90 kwenye bunduki hiyohiyo, kijana mwembamba atapata alama ya bluu begani kabla ya risasi ya kumi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulijua na wanunuzi wapya hawalijui. Watengenezaji wengi hutumia chuma chenye unene uleule wa nje kwa vipenyo tofauti. Tundu likiwa dogo, chuma kinachobaki ni kingi. Hivyo .45 inaweza kuwa nzito mkononi kuliko .50 ya aina ileile. Kwa bega uzito huo ni nafuu, maana bunduki nzito husukuma kidogo. Kwa mikono ya mtoto anayetakiwa kuinyoosha bila kutetemeka, ni mzigo.

Kwa maoni yangu, kwa kijana huyu wa miaka 14 na kulungu wa Pennsylvania, .50 ndiyo ya kuanzia, kwa baruti kidogo na umbali usiozidi mita 50. Goroli zake, vitambaa na vifaa vya kusafishia hupatikana karibu kila duka la wawindaji, na goroli yake humsamehe anayeanza pale ambapo .45 ingemwadhibu. Ningesema .45 kama kijana ni mdogo wa umbo na bunduki ya .45 iliyopo dukani ndiyo inayomkaa mwilini vizuri zaidi. Mwili wake utangulie, namba ifuate.

Kupima mwili ni rahisi. Avae koti lake zito la baridi, maana ndilo atakalokuwa nalo Januari, kisha aweke kitako cha bunduki begani. Kidole kifike kwenye triga bila kunyoosha shingo wala kujipinda. Bunduki ndefu za asili hufika mita moja na nusu. Kijana mfupi akiisimamisha ili kushindilia, mdomo wa mtutu hukaa karibu na uso wake, na hicho ndicho kitu cha kukikataa kabisa. Zipo zilizotengenezwa fupi, na hakuna aibu kuzichagua.

Macho yasifumbwe

Daktari wa macho angependa sehemu hii isomwe mara mbili. Bunduki ya gumegume hutoa mwale wa moto na chembe za jiwe pembeni, sentimita chache kutoka kwenye jicho, kabla risasi haijatoka. Miwani ya kinga ni lazima kwa anayepiga na kwa kila aliyesimama karibu, hasa upande wa kulia ambako moto hutokea. Masikio nayo yakingwe. Sauti ya karibu kila bunduki huvuka desibeli 140, na mshindo mmoja wa namna hiyo unaweza kuharibu usikivu usirudi tena. Vizibo vya masikio na vifunika masikio vinaweza kuvaliwa pamoja.

Kwa kuwa moto huonekana kwanza na mshindo kufuata baadaye kidogo, anayeogopa kusukumwa hufumba macho na kutikisika katika kile kipande cha sekunde. Risasi inakwenda pembeni. Watu husema mtoto hana shabaha, kumbe ana hofu, na hofu ilianza siku aliyopewa baruti nyingi ili wakubwa wacheke. Baba anayetaka kumfundisha mwanawe uanaume kwa teke la bunduki amsubirie akue. Siku ya kwanza risasi tano au sita zinatosha.

Kuna makosa machache ambayo huvunja mikono ya watu wazima, sembuse watoto. Baruti ya kisasa isiyo na moshi isiingie kamwe kwenye bunduki hizi, hupasua mtutu. Baruti isimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo lake, kwani cheche iliyobaki ndani ya mtutu hulipua chombo kizima mkononi. Humiminwa kwanza kwenye kipimo kidogo, kisha ndani. Goroli ikae juu ya baruti bila nafasi katikati, na ufito wa kushindilia, ambao wazee huuita mdeki, uwekwe alama inayoonyesha umefika mwisho. Bunduki ikigoma kulipuka, iendelee kuelekezwa kwenye shabaha kwa dakika nzima au zaidi, hakuna kuchungulia.

Risasi ni jina la madini

Nimeacha nafasi kubwa kwa jambo hili kwa sababu ndilo linalomhusu yule mtoto wa miaka miwili, ambaye hakualikwa kuwinda.

Kiswahili kimetuachia onyo ndani ya neno. Tunaita risasi kile kinachotoka kwenye bunduki, na tunaita risasi yale madini laini, mazito, yenye sumu. Kwa bunduki hizi ni kitu kimoja: goroli ni madini ya risasi karibu matupu, isiyofunikwa na shaba kama nyingi za kisasa. Kijana huishika kwa vidole, huipachika mdomoni mwa mtutu, huifuta kwenye suruali, halafu anakula sandwichi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linaeleza pia kuwa mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Mara nyingi haina dalili. Mtoto hachemki wala hatapiki. Anachelewa kujifunza, umakini unapungua, na shule inaanza kulalamika miaka kadhaa baadaye. Marekani, kiwango kinachowafanya wataalamu wafuatilie mtoto ni mikrogramu 3.5 kwa kila desilita ya damu, kilichowekwa mwaka 2021. Kwa mama mjamzito, risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Familia zilizofika kama wakimbizi pengine zinakijua kipimo hicho hata kama hazikukijua jina. Watoto wa wakimbizi hadi miaka 16 hushauriwa kupimwa risasi katika damu wanapofika Marekani, na wadogo hurudiwa baada ya miezi michache. Baadhi hukutwa nayo kutokana na walikotoka. Wengine huipata hukohuko, kwenye nyumba za zamani zilizopakwa rangi yenye risasi kabla haijapigwa marufuku mwaka 1978, na nyumba za namna hiyo ni nyingi katika miji mikongwe kama Lancaster. Goroli za kaka mkubwa zinakuja juu ya mzigo ambao tayari huenda upo.

Hapa kipenyo kinarudi kwa namna nyingine. Kilo moja ya risasi hutoa goroli 120 hivi za .45, au 87 za .50. Kijana anayefanya mazoezi kila Jumamosi kwa .54 hushika risasi nyingi zaidi, uzito kwa uzito, kuliko wa .45. Tofauti hiyo haitoshi kuamua ununuzi. Usafi unaamua mengi zaidi.

Usafi wenyewe ni huu. Goroli zinunuliwe zikiwa tayari, zikae kwenye kopo lenye kifuniko, nje ya vyumba vya kuishi. Wapo wapenzi wa bunduki hizi wanaoyeyusha risasi na kujitengenezea goroli nyumbani; familia yenye mtoto mdogo au mjamzito isiwaige, na jiko la kupikia lisihusike kabisa. Nguo na viatu vya mazoezini vivuliwe mlangoni na kufuliwa peke yake. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mdogo.

Kuna mazoea mawili ya kizamani ambayo kijana atayaona kwa wapenzi wa historia na kuyapenda. Moja ni kuweka goroli mdomoni ili ziwe karibu wakati wa kushindilia. Jingine ni kulowesha kitambaa kwa mate, kwa vidole vilevile vilivyoshika risasi. La kwanza lipigwe marufuku. La pili lina mbadala rahisi: mafuta maalumu ya kopo yanauzwa.

Bunduki ya baruti nyeusi husafishwa siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo hushika kutu. Maji hayo hutoka meusi, yana mabaki ya baruti na risasi. Yasiishie kwenye sinki la vyombo wala bafu la watoto. Ndoo ya nje, glavu, na vitambaa vilivyotumika vitupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Nyama nayo ina utaratibu. Goroli ya mwendo wa polepole kwa kawaida huvunjika vipande vichache kuliko risasi za kasi za bunduki za kisasa, lakini haimaanishi haiachi kitu. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa ukarimu na kutupwa, hata kama inauma kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya mgao wa chakula. Mama mjamzito na watoto wadogo wale sehemu za mbali na jeraha, kwa mfano mapaja, ikiwa mnyama alipigwa kifuani.

Ikae wapi

Wazazi wengi wahamiaji hawajui kuwa bunduki ya kushindilia mdomoni, kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, huhesabiwa kama kifaa cha kale na haipiti kwenye ukaguzi ule wa mnunuzi unaofanywa kwa bunduki za kisasa. Katika majimbo mengi inaweza kuagizwa na kuletwa mlangoni kwa posta. Baadhi ya majimbo yana masharti yake. Urahisi huo humfanya mtu aione kama pambo la ukutani, na mafundi wa zamani walizipamba kweli. Familia ambayo kesi yake ya uhamiaji haijakamilika imuulize mwanasheria kwanza, kwa sababu kosa lolote la silaha, hata la kutojua, linaweza kuharibu makaratasi ya miaka mingi.

Pambo hilo linaua. Tangu mwaka 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto na vijana wa Marekani wa kuanzia mwaka 1 hadi 19. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutoka kwenye bunduki za kisasa, ndiyo, na bunduki ya gumegume huchukua muda kushindiliwa. Lakini ina hatari yake ya pekee: ukiitazama kwa nje huwezi kujua imeshindiliwa au la. Ipo mitutu iliyokaa na baruti ndani kwa miaka ukutani kwa babu. Kila bunduki ya mkononi mwa mtu, hasa iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ipimwe kwa kuingiza ufito hadi mwisho na kulinganisha kina na urefu wa mtutu kwa nje. Ufito ukikomea kabla ya mwisho, kuna kitu ndani, na kazi ya kukitoa ni ya fundi.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri bunduki ifungiwe ikiwa tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kwa hizi kuna vitu vitatu: bunduki kwenye kabati la chuma lenye kufuli, goroli mahali pake, na baruti kwenye kopo lake la asili, mbali na jiko na hita, nayo kwa kufuli. Kopo moja la ratili, gramu 454, linatosha msimu mzima wa kijana. Baruti peke yake, bila bunduki, inatosha kumuunguza mtoto uso. Na kijana mwenyewe asikae na ufunguo. Umri wa miaka 14 una siku za giza ambazo wazazi hawaambiwi.

Madaktari haohao husema nyumba iliyo salama zaidi kwa mtoto ni ile isiyo na bunduki. Ndiyo maana pendekezo langu kwa mama huyu linaanza kabla ya duka. Jirani aliyemwalika kijana anazo bunduki, na wenye bunduki hizi hupenda kuzionyesha. Kijana apige za watu msimu wa kwanza: .45 ya mmoja, .50 ya mwingine, chini ya macho ya mtu mzima, ambaye kwa umri wake sheria ya Pennsylvania inamtaka awepo hata msituni. Kabla ya hapo apitie mafunzo ya usalama ya Game Commission, mamlaka ya wanyamapori ya jimbo hilo, ambayo ni sharti kwa anayechukua leseni ya kuwinda kwa mara ya kwanza. Mzazi mmoja akae naye darasani, hata kama Kiingereza kinapita haraka. Baada ya msimu, kijana atakuwa na jibu lake kuhusu bega, na pengine hamu itakuwa imekwisha na mamia ya dola yamebaki benki. Ikiwa hamu ipo, bado inawezekana bunduki yake ikae kwenye kabati la jirani.

Kwa mtoto wa miaka miwili, jambo la kufanya ni la wiki hii. Kwenye kliniki yake ya watoto, mama aombe kipimo cha risasi katika damu kabla goroli yoyote haijaingia nyumbani, namba iandikwe kwenye daftari lake, na aombe kipimo cha pili msimu utakapokwisha, mwishoni mwa Januari au Februari. Namba ya pili ikiwa juu ya ile ya kwanza, daktari atakuwa na mahali pa kuanzia.